Je, Wajua Kwa Nini Ganda la Ndizi Huikosesha Chupa ya Plastiki Mnunuzi?

Katika mitaa mingi ya Nairobi, kuanzia Umoja na Kayole hadi Lang'ata na Kileleshwa, taka za nyumbani hutoka mlangoni zikiwa zimetiwa katika mfuko mmoja. Ndani yake mna maganda ya viazi na ndizi, mabaki ya ugali, majani ya chai, chupa za maji, makopo, magazeti na katoni, vyote vimebanana hadi siku ambayo gari au mkokoteni wa wazoataka utapita. Familia nyingi huamini kwamba kazi ya kutenganisha ni ya yule atakayezipokea taka huko mbele, na kwamba chupa itabaki kuwa chupa hata ikitolewa pipani baada ya wiki nzima. Lakini sehemu kubwa ya hasara hutokea ndani ya mfuko ule ule, jikoni, kabla taka hazijafika barabarani. Hutokeaje?

Jibu linaanzia kwenye maji. Maganda ya matunda, majani ya sukuma wiki na mabaki ya mboga huwa ni maji kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Yakishafungiwa mahali pasipopitisha hewa, bakteria na kuvu huanza kuyala, chembe za mmea hupasuka, na majimaji yenye sukari, asidi na mafuta huteremka hadi chini ya mfuko, yakipaka kila kitu yanachokutana nacho njiani. Karatasi ndiyo inayoumia kwanza. Gazeti au katoni hunyonya majimaji hayo kwa muda mfupi, kuvu hujipenyeza kati ya nyuzi, na nyuzi zenyewe hulegea. Tena, karatasi hurejelezwa, yaani hutengenezwa upya, kwa kulowekwa na kuvurugwa ndani ya maji mpaka iwe rojo, na mafuta hayakubali kuchanganyika na maji. Kwa hiyo karatasi iliyofungiwa chipsi au maandazi huacha madoa katika rojo lote na kudhoofisha karatasi mpya itakayotengenezwa. Ndiyo maana mnunuzi wa karatasi huligusa furushi kwanza kabla ya kuliweka kwenye mizani, na likiwa na unyevu hulikataa au hukata sehemu ya uzito wake.

Plastiki haionekani kuharibika, na hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Chupa ya maji au ya soda hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PET, ile yenye namba 1 ndani ya alama ya pembetatu iliyochapwa chini ya chupa. Ili itengenezewe kitu kipya, husagwa kuwa vipande vidogo, huoshwa, hukaushwa na kuyeyushwa katika joto la takriban nyuzi 250 au zaidi za Selsiasi. Katika joto hilo, unyevu mdogo tu uliobaki hukata minyororo mirefu ya molekuli ambayo ndiyo huipa plastiki hiyo nguvu, na kitu kinachotengenezwa baadaye huwa hafifu na rahisi kuvunjika. Mabaki ya chakula nayo huungua na kuacha vitone vyeusi na harufu ambayo haiondoki. Kiwanda kinaweza kuosha vipande hivyo kwa maji moto na magadi, lakini uchafu ukiwa mwingi, maji na nishati inayotumika huweza kugharimu kuliko thamani ya plastiki yenyewe. Katika jiji ambalo mitaa mingi hupata maji kwa mgao, na ambalo hutegemea kwa sehemu kubwa maji ya bwawa la Ndakaini kule Murang'a, gharama hiyo si jambo dogo.

Inafaa niseme jambo moja kuhusu vifuniko, kwa kuwa swali hilo huulizwa sana. Kifuniko cha chupa hakitengenezwi kwa PET bali kwa plastiki nyepesi zaidi, na tofauti hiyo huwa na faida kiwandani: vipande vilivyosagwa vikitiwa katika pipa la maji, vya PET huzama na vya kifuniko huelea, kwa hiyo hutenganishwa bila taabu. Mtoto anaweza kulithibitisha hili nyumbani kwa kukata kipande cha chupa na kukitia ndani ya beseni pamoja na kifuniko chake. Hivyo kifuniko hakina madhara makubwa. Ganda la ndizi, chai yenye maziwa na mchuzi ndivyo vyenye madhara.

Sasa tumfikirie yule anayeishi kwa kazi hii. Jijini Nairobi, sehemu kubwa ya vitu vinavyorejelezwa haikusanywi na mitambo bali na waokotaji wanaopita mitaani na magunia au wanaopekua majalala, kisha wakawauzia madalali kwa kilo. Mwokotaji hana maji ya kuoshea wala mahali pa kuanikia. Akikuta chupa iliyopakwa uozo, ana njia mbili: kuibeba na kukatwa bei, au kuiacha. Kwa kuwa bei ya kilo moja ya chupa ni ndogo na kilo moja huhitaji chupa nyingi, mara nyingi huiacha, na mimi simlaumu. Tunapochanganya taka nyumbani tunampunguzia mtu huyu mapato ya siku nzima, na pia tunamlazimu kuingiza mikono katika uchafu wenye vigae vya chupa, sindano na nepi, jambo ambalo halistahili kufanyiwa binadamu yeyote.

Chupa zilizoachwa na maganda yaliyozichafua huishia jalalani Dandora. Jalala hilo lilianza kutumika katika miaka ya 1970, mahali palipokuwa na machimbo ya mawe kando ya mto Nairobi, na mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa. Hata hivyo malori bado huenda kumwaga taka huko. Mwaka 2007, utafiti uliodhaminiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Gigiri, uliwapima watoto waishio na kusoma karibu na jalala hilo, ukagundua kwamba takriban nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubalika kimataifa. Ni vigumu kulisoma jambo hilo kisha ukautazama mfuko wa taka mlangoni pako kwa macho yale yale ya jana.

Ganda lenyewe nalo lina hadithi yake huko. Takriban nusu au zaidi ya taka za Nairobi ni za kuoza. Zikirundikana katika mlima wa taka, zile za chini hukosa hewa, na bakteria wasiohitaji oksijeni huzila na kutoa gesi ya methani. Kwa kipimo cha miaka 100, tani moja ya methani huongeza joto la dunia takriban mara 28 zaidi ya tani moja ya kaboni dioksidi. Gesi hiyo hushika moto kwa urahisi, na ni sababu mojawapo ya moshi usiokoma katika majalala yaliyo wazi. Ganda lile lile likioza mahali penye hewa ya kutosha hutoa kiasi kidogo sana cha methani na huacha mboji inayofaa shambani. Kwa hiyo kutenganisha huokoa pande zote mbili, kikavu kikabaki na thamani ya sokoni, na kibichi kikabaki na thamani ya udongo.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitenganishwe pale pale zinapotoka, na inazitaka serikali za kaunti ziwe na vituo vya kuchambulia vitu vinavyoweza kutumika tena. Mnamo Aprili 2024, mamlaka ya mazingira nchini, NEMA, iliagiza kwamba taka za kuoza zitiwe katika mifuko inayooza yenyewe. Wakenya tumeshawahi kubadili tabia kubwa kuliko hii: mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na leo mtu huenda sokoni na kiondo au mfuko wake wa kitambaa bila kukumbushwa.

Nyumbani, kinachohitajika ni vyombo viwili: ndoo yenye kifuniko kwa vitu vya kuoza, na gunia au katoni kubwa kwa vikavu. Usianze na mapipa matano ya rangi mbalimbali. Familia hushindwa baada ya wiki mbili na kurudia mfuko mmoja, na kosa si la familia bali la mpango uliozidi nafasi ya jikoni. Chupa, kopo na mtungi wa mtindi havihitaji kung'arishwa. Visuuze kwa maji yaliyokwisha suuza vyombo, uvigeuze vikauke, kisha uvitie guniani. Zikunje katoni ili ziwe bapa. Karatasi yenye mafuta ichanwe na kuwekwa kwenye ndoo ya kuoza, kwa kuwa huko itafaa kuliko kwingine. Vigae vya chupa vifungwe peke yake na kuwekewa alama, na betri, balbu na simu mbovu zisiingie katika chombo chochote kati ya hivyo viwili, kwa sababu zina metali zenye sumu.

Ndoo ya kuoza ndiyo inayowatia watu hofu, hasa wanaoishi katika ghorofa. Hofu yao ni harufu na nzi, na vyote viwili vina sababu inayojulikana. Harufu mbaya hutokea ndoo inapokuwa na maji mengi na hewa kidogo. Dawa yake ni kutoboa matundu madogo ubavuni na chini, kuweka sahani ya kukinga majimaji, na kila unapotia maganda, kuyafunika kwa kitu kikavu kama unga wa mbao kutoka kwa seremala, majani makavu au vipande vya katoni. Unga wa mbao hunyonya maji, huacha nafasi za hewa na huwapa bakteria kaboni wanayoihitaji, maana maganda mabichi yana nitrojeni nyingi ikilinganishwa na kaboni yake. Nzi nao hawapati pa kutagia mayai iwapo chakula hakijaachwa wazi. Nyama, mifupa, samaki na mchuzi wenye mafuta mengi visiingie humo, kwani huoza kwa harufu na huwavuta panya. Ndoo ikijaa, iache ipumzike huku ukianza nyingine, na uigeuze mara kwa mara. Kwa hali ya hewa ya Nairobi, ambayo haina joto jingi, ihesabie miezi kadhaa kabla yaliyomo hayajawa meusi na kunukia kama ardhi baada ya mvua. Mboji hiyo hukuza sukuma wiki, dania na vitunguu vya majani katika magunia, kilimo ambacho wakazi wa Kibera wamekizoea kwa muda mrefu.

Asiyetaka kutengeneza mboji anaweza kumpa maganda mfugaji wa sungura au mbuzi aliye jirani, mradi hayajaanza kuoza. Kuna njia nyingine inayoendelea kukua nchini, ambayo wanasayansi wa kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilichoko Kasarani wameichunguza kwa miaka kadhaa: funza wa nzi askari mweusi hulishwa mabaki ya chakula, kisha funza hao wenye protini nyingi hukaushwa na kuwa chakula cha kuku na samaki. Funza hao pia hawawezi kulishwa taka zilizochanganyika na plastiki na vigae, kwa hiyo kazi ya kutenganisha inarudi pale pale jikoni.

Kuna malalamiko ya haki ambayo husikika kila jambo hili linapotajwa: unatenganisha vizuri, kisha gari la taka linakuja na kumwaga vyote pamoja. Hutokea, na huvunja moyo. Mahali inapotokea, vikavu visipewe gari hilo. Wapangaji wa ploti moja wakikubaliana na keteka, yaani msimamizi wa jengo, kuweka magunia ya vikavu mahali pakavu palipofunikwa, wakamwita mwokotaji au dalali yule yule kila mara, yeye hufika kwa hiari, kwa sababu mzigo safi wa nyumba ishirini una faida kwake kuliko siku nzima ya kupekua. Baada ya kuondoa vikavu na vya kuoza, kinachobaki kwa gari huwa kidogo, na hata majimaji yanayonuka ngazini huisha.

Hicho kidogo kinachobaki kinastahili kutazamwa kwa makini. Kitakuwa nepi za kutupwa, pakiti za krispi na biskuti zenye utando wa rangi ya fedha ndani, vipakiti vidogo vya sabuni na vya viungo, na baadhi ya pakiti za maziwa ambazo ni tabaka za karatasi na plastiki zilizogandamizwa pamoja. Mwokotaji hazitaki, dalali hazinunui, na hakuna kiasi cha kusuuza kitakachozibadilisha. Familia inaweza kuzipunguza kwa kununua sabuni katika chombo kikubwa, kuchukua maziwa kwa chombo chake kwenye mashine ya ATM ya maziwa, na kuchagua soda ya chupa ya kioo inayorudishwa dukani. Zaidi ya hapo haiwezi, na haipaswi kulaumiwa. Aliyeamua kugandamiza tabaka tatu zisizoachana ni mtengenezaji, na sheria ile ya 2022 inamtambua: imeweka kanuni kwamba mzalishaji abebe wajibu wa bidhaa na vifungashio vyake hata baada ya mteja kumaliza kuvitumia.