Simu Mkononi, Mshauri Nyuma Yake: Maswali na Majibu kuhusu Sonona na Ulevi

Mtu mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ambaye pia kilevi kimemshinda huwa anazungushwa. Akienda kwa daktari wa akili anaambiwa aache pombe kwanza ndipo arudi. Akienda soba, nyumba ya kuwasaidia watu kuacha vilevi, anaambiwa hapa tunashughulika na kilevi, hiyo huzuni itaisha yenyewe. Huku nyuma ana simu mfukoni, na kila siku anasikia kuna programu ya kutibu hili na lile. Maswali haya ndiyo yanayorudi zaidi.

Sonona na ulevi vinahusiana vipi?

Vinalishana. Pombe inatuliza kichwa saa chache, kisha inamwachia mtu usingizi mbovu, wasiwasi wa alfajiri na aibu ya aliyoyasema jana. Aibu inamrudisha kwenye chupa. Wapo walioanza na huzuni na wapo walioanza na chupa. Ikishapita miaka miwili mitatu ni vigumu kujua kipi kilitangulia, na tiba nzuri haisubiri ubishi huo uishe. Ndiyo maana vyote viwili vinafaa vitibiwe pamoja, chini ya paa moja ikiwezekana.

Hivi kweli kompyuta inaweza kumtibu mtu?

Inaweza kubeba sehemu kubwa ya kazi. Mwaka 2009 Frances Kay-Lambkin na wenzake wa Australia walichapisha utafiti wa programu inayoitwa SHADE. Watu 97 waliokuwa na sonona pamoja na matumizi mabaya ya pombe au bangi walipewa kwanza kikao kimoja kifupi cha ushauri. Kisha wakagawanywa kwa kura: wengine waliishia hapo, wengine wakaendelea na vikao tisa vya ana kwa ana na mtaalamu, na wengine vikao tisa vilevile kwenye kompyuta, mtaalamu akipita dakika chache tu kila wiki kuwajulia hali.

Kwa upande wa huzuni, waliokaa na mtaalamu walipata nafuu haraka, lakini kufikia miezi 12 wale wa kompyuta walikuwa wamewafikia. Kwa pombe, hata kile kikao kimoja cha mwanzo kilisaidia, na vikao vingi vikasaidia zaidi. Kwa bangi, kompyuta ndiyo iliyofanya vizuri kuliko wote. Huenda ni rahisi kuiambia mashine misokoto mingapi umevuta kuliko kumwambia mtu anayekutazama machoni. Hiyo ni dhana yangu tu.

Wengi wakisikia matokeo haya wanasema basi, mashine inatosha. Mimi jicho langu linabaki kwenye zile dakika chache za kila wiki. Kulikuwa na mtu anayejua kama umefungua kikao au umekikwepa.

Ndani ya programu ya namna hiyo kuna nini hasa?

Nyingi zinafuata tiba ya fikra na tabia, ile ambayo mshauri angekufanyia kwa daftari na kalamu. Unapima hali yako, mara nyingi kwa dodoso la PHQ-9: maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3, jumla ya juu 27. Alama 10 kwenda juu ni ishara ya kumwona mtaalamu. Peke yake haitoshi kusema una ugonjwa.

Sehemu yenye faida zaidi ni shajara. Tuseme ni fundi ujenzi anayelipwa Ijumaa. Wiki ya kwanza anaandika: "Ijumaa, saa 11 jioni, nimelipwa. Hali yangu 3 kati ya 10. Nimeshuka stendi. Bia sita." Wiki ya pili hivyohivyo, ila bia nane. Wiki ya tatu amelipwa Jumamosi asubuhi, amepitia kwa dada yake, bia mbili. Yeye alikuwa anaamini anakunywa kwa sababu ya mawazo. Shajara inamwonyesha stendi, pesa taslimu na saa 11 jioni. Sasa ana kitu cha kushika: pesa iingie kwenye simu ya dada, ashuke kituo kinachofuata, na saa 11 hiyo iwe na kazi nyingine iliyopangwa mapema, hata kama ni kumwagilia mchicha. Hiyo ya kupanga kazi ndogo kabla hamu haijaja ni dawa ya sonona pia, maana mwenye sonona akisubiri ajisikie ndipo afanye, atasubiri sana.

Halafu kuna jambo ambalo programu hazilisemi: namba ya anayekuuzia kilevi imo kwenye simu hiyohiyo. Anza kwa kuifuta.

Natumia kitochi, na bando ni la shida. Nimeachwa?

Hujaachwa. Kwa watu wengi ujumbe mfupi wa kawaida unatosha: mshauri anakutumia swali moja kila jioni, unajibu kwa tarakimu. Kumbusho la siku ya kliniki ni zana ya kidijitali vilevile. Ila kama simu ni ya nyumba nzima, mkubaliane maneno yasiyotaja ugonjwa. "Umemwagilia?" inatosha kabisa.

Mwanangu alikuwa kwenye unga, yaani heroini, sasa anakunywa methadoni. Ameniambia amepata programu ya simu, anataka kuacha kwenda kliniki. Nimruhusu?

Hapana, mama. Methadoni ni dawa. Inazuia arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, na inampa mwili utulivu wa kuanza kuishi upya. Hakuna programu inayofanya kazi hiyo. Kliniki ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa Februari 2011, na wapo walioitumia kwa miaka wakarudi kazini na kulea watoto. Akiacha ghafla, arosto itamrudisha kijiweni, na hapo hatari ni kubwa, kwa sababu mwili wake haujazoea tena kiasi kile cha zamani; kipimo alichokuwa akikimudu kinaweza kumuua. Programu aitumie juu ya dozi, na amwonyeshe mshauri wake. Umwangalie pia kwa pombe. Pombe na methadoni kwa pamoja vinapunguza nguvu ya kupumua, na mtu anaweza kulala asiamke.

Mimi ni pombe tu. Nimeamua leo naacha, nifuate maelekezo ya simu. Kuna hatari?

Inategemea unavyokunywa. Kama ni kila siku, nyingi, kwa muda mrefu, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka upate moja, usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za mwanzo. Siku ya pili hadi ya nne kuna wanaochanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani, wakapata homa na moyo kwenda mbio. Hali hiyo inaua isipotibiwa. Simu haioni mikono yako. Nenda hospitali useme ukweli wa kiasi unachokunywa, upewe dawa za kukuvusha siku hizo. Shajara na vikao vya simu vitakufaa baadaye, ukishavuka.

Siri zangu zitabaki siri?

Usidhani hivyo kwa sababu tu wameandika "siri". Mwaka 2023 BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha kwa mtandao, ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya mamlaka ya Marekani kuituhumu kupeleka taarifa za wateja kwa makampuni ya matangazo, Facebook ikiwemo. Nchini Finland, wezi wa mtandaoni waliiba kumbukumbu za wagonjwa wa kituo cha ushauri cha Vastaamo, na mwaka 2020 wagonjwa wenyewe wakaanza kutumiwa vitisho: lipa, au mazungumzo yako na mshauri tunayaanika. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, na Tanzania tangu 2022, lakini sheria haimfikii kirahisi mtu aliyetengeneza programu ng'ambo. Tumia jina la utani, usiiruhusu iingie kwenye orodha ya namba zako, na weka neno la siri ambalo watoto hawalijui.

Na hizi akili mnemba zinazojibu kama mtu?

Kwa kukusaidia kupanga siku au kuandika barua kwa mkeo, sina ugomvi nazo. Kwa mtu anayefikiria kujiua au aliyelewa saa 8 usiku, hapana. Zina tabia ya kukubaliana na anayezungumza nazo, na mlevi anayetaka kukubaliwa anakubaliwa. Mwaka 2023 shirika moja la Marekani linalosaidia wenye matatizo ya ulaji liliondoa roboti yake, Tessa, baada ya kuanza kuwapa wagonjwa hao mbinu za kupunguza uzito.

Nitaijuaje programu ya kuaminika?

Mimi nina jaribio moja. Ingia kwenye dodoso, fika swali la tisa, lile la mawazo ya kujidhuru, jibu kwamba unayo, uone kinachotokea. Ikikupa 988, ambayo ni namba ya dharura ya Marekani kwa wanaofikiria kujiua, au ikaendelea mbele kama hakuna kitu, haikutengenezwa kwa ajili yako. Mkenya anaweza kupiga 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na vilevi, bure kwa mambo ya vilevi. Popote ulipo, hifadhi namba mbili kwa mkono wako: ya kituo cha afya cha karibu, na ya mtu mmoja atakayepokea usiku.

Nimeteleza, nimekunywa tena. Nifute kila kitu nianze upya?

Usifute. Wengi hufuta, maana ile hesabu ya siku bila kilevi, tuseme "siku 41", ikirudi sifuri inauma kuliko hangova. Lakini siku ya 42 ndiyo yenye habari. Andika ilikuwa saa ngapi, ulikuwa na nani, ulikuwa umekula au hujala, na nini kilitokea katika muda wa saa mbili kabla ya glasi ya kwanza. Ukienda kliniki, mwonyeshe mshauri ukurasa huo kabla ya zile siku 41.