Asilimia ya mfuko wa nyongo: tuiamini kwa kiasi gani?

Wagonjwa wengi wanaoletwa kwenye chumba changu cha utrasaundi hapa Unguja kwa maumivu ya chini ya mbavu za kulia hukutwa na mfuko wa nyongo ulio safi: hauna mawe, na ukuta wake haukunenepa. Utrasaundi huyaona mawe ya mfuko huo kwa kiwango kinachozidi asilimia 95, kwa hiyo jibu hilo lina uzito. Hata hivyo, halituelezi kama mfuko unajikaza na kutoa nyongo ipasavyo baada ya chakula. Ndipo daktari anapotaka kipimo cha utendaji kazi, yaani asilimia ya nyongo inayotoka mfuko unapojikaza, nami ndipo ninapoomba tahadhari.

Kipimo kinachotajwa zaidi ni skani ya nyuklia. Mgonjwa huchomwa sindano ya teknetiamu, yaani kitu chenye mionzi, iliyounganishwa na mebrofenini, kemikali ambayo ini huichukua na kuitoa pamoja na nyongo. Mfuko ukishajaa, hupewa kwa mshipa sinkalaidi, dawa inayofanya kazi ya homoni ya kukaza mfuko, na kamera ya gama, inayonasa mionzi hiyo, hupima asilimia ya nyongo iliyotoka. Asilimia hiyo hutegemea sana kasi ya kutoa dawa. Ikisukumwa kwa dakika 3 tu, hata mtu mwenye afya njema anaweza kuumwa tumbo, na mfuko wake ukatoa nyongo kidogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 uliwapima watu 60 wenye afya, kila mmoja kwa dakika 15, 30 na 60. Ilipotolewa maikrogramu 0.02 kwa kila kilo ya uzito kwa muda wa dakika 60, majibu ya watu hao yalikaribiana kuliko kwa muda mwingine, na asilimia 38 ikawekwa kuwa mpaka wa chini wa hali ya kawaida. Ripoti inayosema "asilimia 30" bila kutaja dozi wala dakika, mimi siihesabu kuwa ni ushahidi wa ugonjwa.

Mionzi ya teknetiamu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 6, haiwekwi akiba, na kwa mgonjwa wa Unguja au Pemba skani hiyo ni safari ya kuvuka bahari. Badala yake tunaweza kupima mfuko kwa utrasaundi kabla na baada ya chakula chenye mafuta, kwa kuzidisha urefu, upana, kina na 0.52. Mfuko wa sentimita 7 kwa 3 kwa 3 una takriban mililita 33. Nikikosea milimita 3 katika upana na kina, nitapata mililita 26.5, kana kwamba asilimia 19 ya nyongo imetoka, ilhali hakuna kilichotoka. Ndiyo maana ninataka mpimaji awe yule yule na mgonjwa alale mlalo ule ule.

Dawa za maumivu kama mofini na kodeini huvuruga majibu, basi ziachwe mapema kwa ushauri wa daktari. Mgonjwa anayekuja alasiri ya Ramadhani huwa na mfuko uliojaa, na ukubwa huo usiitwe uvimbe. Kipimo cha chakula chenye mafuta ninakipanga baada ya Idi. Aliyekaa bila kula zaidi ya saa 24 hafai kuingia kwenye skani moja kwa moja, kwani mfuko wake umejaa nyongo nzito na huenda usiipokee teknetiamu.

Asilimia ndogo huonekana pia kwa wenye kisukari, na hata kwa watu wasioumwa chochote. Kabla ya kukubali mfuko ukatwe, ninauliza kwanza habari za maumivu yenyewe: kama hudumu nusu saa au zaidi, huja kwa vipindi, na hayatulii kwa kwenda choo wala kwa dawa za asidi.