Kudhibiti Funza Weupe wa Bustani na Nyasi Bila Sumu

Kila mwaka masika yanapokatika, wenye nyumba wa Arusha na Moshi hunipigia simu kwa malalamiko yanayofanana. Nyasi zilizokuwa zimestawi mwezi uliopita zimeanza kugeuka manjano kwa mabaka, bustani inamwagiliwa kila jioni, mbolea imeongezwa, na bado mabaka yanapanuka. Wengi huwa wamekwisha kununua dawa fulani dukani na kuimwaga kabla hawajanitafuta. Mimi huwaomba kwanza wachukue koleo wafukue, kwa sababu dawa yoyote, iwe ya asili au ya kiwandani, haina maana mpaka tujue tunapambana na nani na amefikia umri gani.

Shika nyasi zilizo ukingoni mwa baka, mahali kijani kinapokutana na manjano, kisha zivute taratibu. Zikiinuka kama mkeka bila kung'ang'ania udongo, ujue mizizi imeshaliwa. Kata mraba wenye sentimita 30 kila upande na kina cha sentimita 10, ukikata pande tatu tu, ili uweze kuulaza kwenye upande wa nne na kuurudisha baadaye bila kuua nyasi. Utakaowakuta ni funza wanene weupe waliojikunja mfano wa herufi C, wenye kichwa cha kahawia, miguu sita karibu na kichwa, na sehemu ya nyuma iliyo nyeusinyeusi kwa sababu udongo waliokula unaonekana kupitia ngozi. Usifukue katikati ya baka lililokwisha kukauka, kwa kuwa funza hufuata mizizi hai na pale katikati huenda usimkute hata mmoja. Wakiwa chini ya watano katika mraba huo, waache. Nyasi zenye afya, hasa kikuyu na ukoka, huotesha mizizi mipya haraka kuliko funza wachache wanavyoweza kuila. Wakizidi kumi, kuna kazi ya kufanya. Wakiwa kati ya hesabu hizo, tazama hali ya nyasi: zilizo dhaifu kwa kukanyagwa au kukatwa fupi mno zitashindwa mapema.

Funza hawa ni mabuu ya mbawakawa wa jamii ya Scarabaeidae, jamii kubwa yenye maadui na marafiki ndani yake. Wale wakubwa unaowakuta katika rundo la mboji mara nyingi ni mabuu ya mbawakawa wa maua, ambao hula vitu vinavyooza na hawana shida na mizizi hai. Kuwatambua ni rahisi: mweke mmoja juu ya sakafu laini umtazame. Buu la mbawakawa wa maua hugeuka chali, miguu ikaelekea juu, kisha huenda kwa kujisukuma na mgongo, tena kwa kasi ya kushangaza. Mla mizizi ya nyasi hubaki amelala ubavu akijikunja na kujikunjua bila kufika mbali. Anayetembea chali mrudishe kwenye mboji, maana anakusagia mbolea bure. Kule pwani wakulima wa minazi wanamjua chonga, mbawakawa mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi. Mabuu yake huishi ndani ya magogo ya minazi yaliyooza na katika marundo ya samadi, kwa hiyo dawa yake ni kuyaondoa magogo hayo. Nyasi zako hazimhusu.

Katika bustani ya mboga, funza weupe huchanganywa na sota, ambaye ni kiwavi wa nondo wa rangi ya kijivu anayekata miche usiku usawa wa ardhi na kujificha mchana chini ya udongo wa juu. Mche uliokatwa shina ni kazi ya sota. Mche unaonyauka ukiwa umesimama, na ukiung'oa hauna mizizi, ni kazi ya funza. Fuko naye husingiziwa sana. Watunza bustani wengi wameniambia kwamba fuko amekuja kufuata funza, lakini fuko wetu wa nyanda za juu hula mizizi na viazi, na vichuguu vyake havithibitishi chochote kuhusu funza.

Sasa nije kwenye umri, ambao kwangu ndio kiini cha shughuli yote. Mvua za kwanza zinapolainisha udongo, mbawakawa huibuka jioni, hupandana, na majike huingia ardhini kutaga mayai kwenye kina cha sentimita chache. Mayai huhitaji unyevu. Hunyonya maji kutoka udongoni na kuvimba kabla ya kuanguliwa baada ya wiki mbili au tatu, na yakikosa maji hufa. Buu hujivua ngozi mara mbili, yaani hupitia hatua tatu za ukuaji, na katika hatua ya tatu ndipo anapokula kuliko kipindi kingine chochote na ndipo anapokuwa mgumu kuuawa. Kisha hushuka chini zaidi, hugeuka bundo, yaani hatua ya kutulia bila kula kabla ya kuwa mbawakawa, na kusubiri mvua nyingine. Spishi nyingi humaliza mzunguko huu kwa mwaka mmoja, nyingine huchukua miaka miwili, na zipo zinazoibuka na vuli na zinazoibuka na masika. Mabaka huonekana mvua zinapokoma kwa sababu nyasi zisizo na mizizi huvumilia udongo ukiwa na maji mengi, na udongo ukianza kukauka hazina cha kunyonyea. Ndiyo kusema anayesubiri kuona manjano anapambana na funza waliokomaa. Wakati wa kupambana ni wiki nne hadi nane baada ya kuona mbawakawa wengi wakigonga taa, wakati nyasi bado zinapendeza na hakuna mtu anayewaza funza.

Kwa hiyo andika tarehe unapowaona kwenye taa. Tena hizo taa zenyewe ni sehemu ya tatizo. Taa nyeupe kali inayowaka usiku kucha juu ya nyasi huita mbawakawa wa mtaa mzima waje kutaga kwako. Katika wiki za mwanzo wa mvua, zima zisizo za lazima au weka za rangi ya manjano, ambazo huvutia wadudu wachache zaidi. Ukipenda kuwatega, ning'iniza taa juu ya beseni la maji yenye sabuni, lakini mbali na nyasi, maana si wote wanaoivamia taa watakaotumbukia. Wanaokosa beseni hutaga karibu na hapo.

Majike hupendelea nyasi fupi na udongo wenye unyevu. Wakati wa kiangazi, uwanja unaomwagiliwa kidogo kidogo kila siku huwa ndio mahali pekee penye unyevu katika mtaa uliokauka, na mbawakawa yeyote aliyeibuka hataenda kwingine. Mwagilia maji mengi mara moja kwa wiki badala ya kurashia kila jioni, ili mizizi ishuke chini na udongo wa juu upate nafasi ya kukauka. Nyasi za kikuyu zisikatwe chini ya sentimita 4 au 5 katika miezi hiyo. Najua wapo wanaopenda uwanja ulionyolewa mfano wa uwanja wa gofu, lakini uwanja wa gofu una watu wa kuutunza kila siku.

Ndege ni wasaidizi ambao wengi wetu huwafukuza. Kwarara anapopita akidunga mdomo wake mrefu ardhini, na yangeyange wanaposimama nyuma ya mtu anayelima, wanakula funza. Matundu madogo anayoacha kwarara hujifunga yenyewe na hata husaidia hewa kuingia. Kuku ni hodari zaidi, ila makucha yao yatakuharibia nyasi, kwa hiyo nafasi yao ni kwenye matuta ya mboga kati ya msimu na msimu. Lima tuta kwa jembe uma, usivunje mabonge sana, kisha wafungulie kuku asubuhi kwa wiki mbili kabla ya kupanda, ukirudia kugeuza udongo kila baada ya siku chache. Jua peke yake huua funza aliyefunuliwa, na kuku humalizia waliobaki.

Kinga nyingine ya matuta ni kutotumia samadi mbichi, kwani mbawakawa huvutiwa nayo, na mara nyingi samadi hiyo huja tayari na mayai na mabuu ndani yake. Rundo la samadi likichanganywa na majani, likaloweshwa na kugeuzwa mara kwa mara, hupanda joto hadi nyuzi 55 au 60 za Selsiasi, na joto hilo huua mayai na funza. Mahali palipokuwa na nyasi miaka mingi pasipandwe karoti wala viazi mviringo katika msimu wa kwanza baada ya kulimwa, kwa sababu funza waliozoea mizizi ya nyasi watahamia humo.

Kama hesabu imezidi na funza bado ni wadogo, silaha ninayoiamini ni nematodi waua wadudu, minyoo isiyoonekana vizuri kwa macho, hasa Heterorhabditis bacteriophora. Nematodi huyu husafiri ndani ya udongo akimtafuta mdudu, huingia mwilini mwake, kisha humwaga bakteria aliowabeba tumboni. Bakteria hao humuua funza kwa muda wa siku mbili hivi, na nematodi huzaliana ndani ya mzoga kabla ya kutoka kwa maelfu kutafuta wengine. Mzoga hubadilika kuwa mwekundu wa tofali na hauna harufu kali ya uozo, kwa hiyo ukifukua baada ya wiki moja ukakuta funza wa rangi hiyo, kazi imefanyika. Steinernema carpocapsae, ambaye pia huuzwa, hukaa juujuu akivizia wanaopita. Anamfaa sota, ila funza aliye sentimita 8 chini hamfikii.

Hawa ni viumbe hai na wengi huwaua kabla hawajafika ardhini. Ukipokea pakiti, koroga kiasi kidogo katika glasi ya maji yaliyokaa nje ya friji, subiri, kisha tazama kwa lenzi ya mkono: walio hai hujinyonganyonga, waliokufa wamenyooka kama sindano. Maji ya bomba yaache wazi usiku kucha ili klorini ipungue. Toa vichujio vidogo vya bomba la mgongoni. Lowesha nyasi kwanza, nyunyiza jua likishazama kwa kiwango cha nematodi 250,000 kwa mita moja ya mraba, halafu mwagilia tena mara moja ili washuke, na udongo usikauke kwa wiki mbili. Mwanga wa jua huwaua kwa dakika chache. Katika maeneo ya baridi kama Njombe na Lushoto, epuka Juni na Julai, kwani udongo ulio chini ya nyuzi 15 huwafanya wazubae. Kuwapata ni rahisi zaidi Kenya, ambako mashamba ya maua yamezoea kutumia wadudu na viumbe rafiki. Kwa Tanzania, ulizia TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ni bidhaa zipi zilizosajiliwa, kwa sababu kuingiza viumbe hai bila kibali ni kosa.

Kuvu ya Metarhizium ni ndugu wa mbinu hii. Mwanasayansi Ilya Metchnikoff aliichunguza mwaka 1879 katika mabuu ya mbawakawa wa ngano karibu na Odessa, na karibu yetu zaidi, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe cha Nairobi kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970 kimefanya utafiti mwingi juu yake. Chembe za kuvu hunata kwenye ngozi ya mdudu, huota, hutoboa, na mzoga huishia kufunikwa na unga wa kijani. Huchukua wiki kadhaa, na bidhaa nyingi zilizopo zimesajiliwa kwa ajili ya inzi wa matunda au vithiripi, wadudu wadogo sana wanaofyonza majani na maua, kwa hiyo soma kibandiko kabla ya kulipa.

Kwenye mtandao utakuta pia unga wa bakteria Paenibacillus popilliae ukisifiwa sana. Bakteria huyu huwapata mabuu ya mbawakawa wa Kijapani, aliyegunduliwa New Jersey nchini Marekani mwaka 1916, na serikali ya huko ilianza kuutumia unga huo mwaka 1939. Ndugu zetu wanaoishi mashariki mwa Marekani wanaweza kuufikiria. Kwa mbawakawa wa Afrika Mashariki ni fedha iliyotupwa.

Mwarobaini una nafasi ndogo. Mashudu yake yakichanganywa na udongo wa matuta hudumaza mabuu machanga, lakini maji ya majani yaliyotwangwa yakinyunyizwa juu ya nyasi huvunjwa na jua kabla ya kufika kwenye mizizi. Majivu, pilipili na kitunguu saumu sivipi kazi yoyote kwa funza wa ardhini. Mafuta ya taa, chumvi na oili chafu visitumike kabisa: vitaua nyasi, nyungunyungu na udongo wenyewe, halafu mtu aseme ametumia njia za kienyeji.

Wapo pia nyigu wakubwa weusi wenye manyoya, wanaoruka chini chini juu ya nyasi mchana kana kwamba wamepoteza kitu. Ni jamii ya Scoliidae. Jike huchimba hadi kwa funza, humchoma mpaka apooze, na kutaga yai juu yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa cha Morisi kilileta nyigu wa aina hii kutoka Madagaska ili kuokoa miwa. Nyigu wazima huishi kwa nekta, kwa hiyo acha mpaka wa bustani wenye maua, hata magugu yanayochanua, na usiwanyunyizie dawa kwa hofu. Ni wapole kiasi kwamba wapita njia hawawajali.

Baada ya kazi yoyote, hesabu tena wiki ya nne katika miraba ya jirani na ile ya kwanza. Mabaka yaliyokufa yatifue, ondoa funza kwa mkono, ongeza mboji iliyoiva, na pandikiza vipande vya nyasi mvua za vuli zikishatulia.