Je, wajua bakteria wa kuzuia kuhara hupatikanaje?

Mara nyingi hutafutwa kwenye kinyesi, hasa cha mtu mzima mwenye afya au cha mtoto mchanga anayenyonya. Sampuli huchanganywa na maji ya chumvi, ikapakwa kwenye kisahani chenye chakula wanachokipenda bakteria wa asidi ya laktiki, yaani jamii inayotoa asidi kama ile ya maziwa yaliyochachuka na ambayo ndiyo inayotafutwa hapa, kisha ikatunzwa kwenye joto la nyuzi 37. Baada ya siku moja au mbili hutokeza vidoa vyeupe. Kila kidoa hudondoshewa hidrojeni peroksaidi. Kikitoa povu hutupwa, kwani bakteria hawa kwa kawaida hawana kimeng'enya cha katalasi kinachozalisha povu hilo.

Waliobaki hutiwa kwenye tindikali kali kama ya tumboni kwa saa tatu hivi, kisha kwenye chumvi za nyongo. Wengi huishia hapo.

Halafu ndipo wanapopambanishwa na adui. Kisahani hupandwa vimelea vya kuharisha, tuseme E. koli, hutobolewa vitundu, na kila kitundu hujazwa majimaji waliyokulia bakteria wetu. Kesho yake, kitundu kikizungukwa na duara angavu, vimelea vimeshindwa kuota hapo. Ila duara hilo hudanganya! Huenda ni ukali wa asidi tu, na asidi kila bakteria wa jamii hii anaitoa. Mtafiti makini huipoza asidi kwa magadi na kurudia jaribio; duara likisalia, kuna silaha nyingine.

Hupimwa pia kama wananata kwenye seli za utumbo zilizokuzwa maabara, na kama wana jeni za usugu wa antibiotiki wanazoweza kuwagawia vimelea. Kwangu mimi hiki ndicho kipimo kisicho na msamaha.

Hata aliyefaulu yote hajathibitika mpaka ajaribiwe kwa watu. Mfano ni aina ya GG ya Lactobacillus rhamnosus, bakteria wa jamii hiyohiyo, iliyotolewa kwenye utumbo wa binadamu miaka ya 1980. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2018 liliwapa bakteria hao watoto waliokwisha kuugua tumbo, wasipone haraka kuliko waliopewa kitu kinachofanana na dawa lakini kisicho na bakteria hao. Lakini kutibu si kuzuia: katika kuwakinga watoto na kuhara kunakoletwa na antibiotiki, aina hiyohiyo ina ushahidi mzuri zaidi. Kwa hiyo pakiti iliyoandikwa “Lactobacillus” pekee, bila kutaja aina, haijakueleza kitu.