Tumbo likikataa maziwa, si lazima uyaage

Tumeambiwa miaka mingi kwamba maziwa yakishakuvuruga tumbo, usiyaguse tena hata tone. Si kweli, na inaniuma kuona watu wakijinyima bure. Kinachopungua ukubwani ni laktesi, kimeng'enya cha utumbo mwembamba kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Sukari isiyovunjwa huteremka hadi utumbo mpana, bakteria huichachua, na hapo ndipo tumbo hujaa gesi, hunguruma, pengine hata kuharisha.

Lakini bakteria hao hawafanani. Kundi moja, bifidobakteria, huivunja laktosi bila kutoa gesi. Prebiotiki, yaani viambato vya chakula ambavyo mwili wetu hauvimeng'enyi, hasa aina iitwayo galakto-oligosakaridi, ni chakula chao: ukizitumia kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, bifidobakteria huongezeka, na baadhi ya watu hupata nafuu. Hazirudishi laktesi, wala hazimfai kila mtu. Ukianza na nyingi, zenyewe zitakujaza gesi.

Tena wengi wenye shida hii huvumilia gramu 12 za laktosi kwa mara moja, karibu kikombe kimoja cha maziwa, hasa wakinywa pamoja na chakula. Mwenye mzio wa protini ya maziwa ni habari nyingine kabisa. Huyo, tafadhali, asijaribu.