Hebariamu ni nini, na ua lililokauka linafanya kazi gani

Nikitaja hebariamu huku Nakuru wengi wanadhani naongea juu ya dawa za miti shamba, kumbe ni kitu tofauti kabisa. Hebariamu ni pahali panapowekwa mimea iliyobanwa ikakauka, ikabandikwa kwa karatasi ngumu na lebo ikawekwa hapo chini pembeni. Ile kubwa ya kwetu iko Nairobi, kwa Makavazi ya Kitaifa, ilihamishwa kutoka Amani kule Tanganyika mwaka wa 1950 na sai iko na mimea karibu milioni moja.

Chukua gladiola ya mwituni, Gladiolus dalenii, ya jamii ya airisi. Inamea kwa nyasi za nyanda za juu, mvua ikishika inatoa maua ya rangi ya chungwa, koo la njano, na petali ya juu imeinama kama kofia ya mvua, ndege chozi anaingiza mdomo hapo chini yake. Majani yamesimama wima kama panga, na kwa Kilatini gladiolus ni upanga mdogo. Gladiola za arusi zile zinauzwa madukani zimetokana kwa sehemu na hii yetu, na naona si wengi wanajua hivyo. Ukishuku kama ni lili fungua ua uhesabu stameni, yaani vile vijiti vya kiume vyenye chavua, jamii ya airisi iko na tatu, lili sita.

Sasa kuikusanya. Huwezi kuvunja tu shina uende, lazima uchimbe polepole mpaka upate kile kiazi cha chini, na kwa vile kimejaa maji unakipasua katikati kwanza, la sivyo kitaoza ndani ya magazeti unayobania mmea, mimi ilinioza hivyo na shina lote likashika ukungu. Halafu mmea unaweza kupita mita moja na karatasi ni kama sentimita 42 tu, kwa hivyo unaukunja kama herufi N, na magazeti unabadilisha kila siku mpaka ukauke.

Lakini nusu ya kazi ni lebo, na hapa ndo watu hulegea. Ile rangi ya chungwa ikikauka inakuwa kahawia kama majani ya chai, hakuna mtu ataijua tena, kwa hivyo iandike ukiwa bado umepiga magoti pale pale. Andika pia tarehe, jina lako na namba yako ya mkusanyaji, urefu kutoka usawa wa bahari, na pahali penyewe, manake ukiandika "Mau" peke yake hujasema kitu, Mau ni kubwa sana. Andika upande gani wa barabara, karibu na mto gani, nyasi ama kichaka, mawe ama udongo mweusi.

Na kuna karatasi moja ya maana kushinda zingine zote, inaitwa taipu. Kwa kawaida jina la spishi limefungwa kwa mmea mmoja uliokaushwa, huo ndo shahidi wa jina, na wataalamu wakibishana kama gladiola ya Mlima Elgon na ya kwingine ni moja, wanarudi kufungua hiyo.