Kwa Nini Taarifa za Mlipuko Hubadilika, na Kwa Nini Wananchi Hukasirika

Katika mazungumzo ya elimu ya afya hapa Dodoma, swali linalorudi mara nyingi kuliko yote halihusu dawa wala chanjo. Wananchi huuliza kwa nini Serikali ilisema ugonjwa haupo, kisha baada ya siku chache ikasema upo. Swali hilo ni la haki, na mtaalamu anayelijibu kwa kuwakemea waulizaji kuwa wanaeneza uzushi amekwisha kushindwa kazi yake.

Hasira hiyo ina historia. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa Machi 16, 2020, na takwimu ziliendelea kutolewa hadi mwanzoni mwa Mei, zilipofikia wagonjwa 509 na vifo 21. Hapo zikasimama kwa zaidi ya mwaka mmoja. Lakini kukosekana kwa takwimu hakukuwazuia watu kuhesabu: kila aliyekwenda kuzika alihesabu kwa namna yake, na maneno “changamoto ya upumuaji” yakawa na maana ambayo kila mtu aliielewa bila kuitamka. Januari 2021, Rais wa wakati huo, John Magufuli, alizitilia shaka chanjo hadharani. Julai 28 mwaka huohuo, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya kamera kuzindua chanjo, siku chache baada ya nchi kupokea dozi 1,058,400 za Janssen. Wengi waliosita wakati huo hawakuwa wajinga, kama ilivyodaiwa na baadhi yetu. Walikuwa wamesikia kauli mbili zinazopingana ndani ya miezi sita, na hakuna aliyewaeleza kwa utulivu ni kitu gani kilichobadilika katikati.

Hali iliyofanana na hiyo, ingawa kwa muda mfupi zaidi, ilijitokeza katikati ya Januari 2025. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya washukiwa wa ugonjwa wa Marburg, homa kali ya virusi inayoambukiza na kuua, mkoani Kagera, Wizara ya Afya ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuwa na virusi hivyo, na Januari 20, hapa Dodoma, Rais akiwa pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alitangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika.

Je, kauli ya kwanza ya Wizara ilikuwa uongo? Si lazima. Mtu mwenye dalili huitwa mshukiwa hadi maabara iseme vinginevyo, na sampuli iliyochukuliwa ndani ya siku tatu za mwanzo wa dalili inaweza kutoonyesha virusi vya Marburg hata kama mgonjwa anavyo, ndiyo maana kipimo hurudiwa. Yupo pia aliyefariki na kuzikwa kabla ya kupimwa, lakini alikuwa na dalili na aliwahi kukaribiana na mgonjwa. Huyo huhesabiwa kuwa kisa kinachodhaniwa. Mlipuko ule ulipotangazwa kwisha Machi 13, 2025, baada ya kupita siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya muda mrefu zaidi ambao virusi hukaa mwilini kabla ya dalili kuonekana, hesabu ilikuwa visa viwili vilivyothibitishwa na vinane vilivyodhaniwa. Wote kumi walifariki.

Kwa hiyo kosa la kauli hiyo ya Wizara, kwa maoni yangu, lilikuwa katika namna ilivyosemwa. Kusema “majibu tuliyonayo hadi leo hayaonyeshi ugonjwa, na uchunguzi unaendelea” si sawa na kusema “hakuna ugonjwa”. Sentensi ya kwanza huacha nafasi ya kurekebishwa kesho bila msemaji kuonekana mwongo.

Mwananchi wa Majengo, Kibaigwa au Bahi anaposikia taarifa ya mlipuko, ana haki ya kuuliza mambo matatu: ni wangapi wamepimwa, majibu ni ya tarehe gani, na taarifa inayofuata itatolewa lini. Maswali hayo yanaweza kupelekwa kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, katika mkutano wa mtaa au kijiji, au kwa kupiga namba 199 ya Wizara ya Afya bila malipo. Namba hiyohiyo hutumika kutoa taarifa za mgonjwa mwenye dalili zisizo za kawaida, na anayepiga hahitaji kuwa na uhakika wa ugonjwa anaoutolea taarifa.